Funguo za Waliopo

Nyumbani,
Jumatano, 4 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika mbio kwa sababu dereva wa lori la vifaa yuko nje na injini hajaizima. Amesema leo hamngojei hata mtu wa kumeza mate.

Sisi wazima. Gari ndilo linaloumwa. Rimoti ya mama, ile yenye ufunguo ambayo mpira wa vitufe ulikwisha kutoboka, aliisahau kwenye mfuko wa aproni, na aproni akailoweka pamoja na nguo nyingine. Tangu hapo ufunguo unaingia na kuzunguka kama kawaida, lakini taa nyekundu kwenye dashibodi inapepesa na injini haishiki. Tumebadilisha betri ya rimoti. Tumeifukia kwenye mchele usiku kucha. Wapi.

Fundi wa funguo amekuja asubuhi hii. Mama anasema urudishe ufunguo ulio nao wewe. Fundi atafuta funguo zote, zitabaki za waliopo. Umpe dereva akishuka Ijumaa.

Honi hiyo ya tatu. Nisamehe kwa ufupi na kwa mwandiko.

Mwanao akupendaye,
Kamusi


Kambini,
Alhamisi, 5 Juni

Mwanangu Kamusi,

Marahaba. Barua yako imefika. Ni fupi, lakini fupi ndiyo husema.

Nimeisoma nikiwa juu ya greda, nikaisoma tena kantini. Mpishi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimeombwa ufunguo.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Shangazi yako alipoachana na yule bwana wake wa kwanza, katika ukoo wetu hakuna aliyetamka kwamba wameachana. Ilisemwa tu kwamba amerudisha funguo. Mimi ndiye niliyetumwa kuzipeleka, kwenye bahasha. Sikujua kwamba siku moja bahasha itakuwa yangu.

Madukani funguo mpya zimejaa tele. Mtu hamwombi mwenzake wa kwake ila awe na maana yake, na maana yenyewe umeiandika vizuri: zibaki za waliopo. Mimi sipo. Nilipoondoka, mama yako alisimama getini akaniambia nyumba itasimama bila mimi. Naona imesimama.

Basi nimeweka zote. Wa gari, wa geti, wa mlango wa mbele, wa stoo, na ule mdogo wa banda la kuku. Mwambie mama yako ujumbe umefika na sina kinyongo.

Kuna jambo nilikuwa nimelificha, nilitaka liwafikie kwa mdomo wangu. Jumatatu karani wa kampuni anapanda na mikataba mipya, ya miaka miwili mingine. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuikataa. Sasa nitasaini. Barabara hii haijaisha, na mtu asiye na pa kurudi ni bora awe na pa kulala.

Wewe soma. Usiingie kwenye mambo ya wakubwa, wala usimchukie mama yako. Kwako wewe mimi sifutiki.

Baba yako


Kiti cha nyuma cha gari, mbele ya nyumba yetu,
Jumamosi, 7 Juni

Baba,

Usisaini.

Shikamoo. Najua si adabu kutanguliza hilo kabla ya salamu, lakini nakujua, ukipewa barua unatafuta chai kwanza, halafu kiti, halafu miwani. Nilitaka neno hilo liwe limekwisha kukufikia kabla chai haijapoa. Barua hii anaileta mama mwenyewe. Lori halipandi mpaka Jumatano, simu hazishiki huko kwenu, na Jumatatu ni keshokutwa.

Fundi hakusema “za waliopo”. Alisema “zilizopo”. Maneno yake yalikuwa haya: “Nafuta zote, zinabaki zilizopo.” Alikuwa anazungumzia funguo, Baba, si watu. Mimi ndiye niliyekosea ngeli, kwa honi ile. Mama alipomaliza kusoma barua yako aliniuliza niliandika nini hasa, nikamsomea kutoka kichwani, na nilipofika kwenye “waliopo” alikaa kwenye benchi la cherehani. Akasema, “Kamusi gani hii inayokosea ngeli?” Kisha akaanza kutafuta viatu vyake.

Naomba nikueleze taratibu sasa, kwa sababu nina muda. Nimefungiwa humu. Fundi amesema mlango wowote usifunguliwe mpaka amalize.

Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Ukizungusha ufunguo, gari linaiuliza chipu “wewe nani?”, na isipojibu, injini haiwaki hata ukiiimbia wimbo. Hiyo ndiyo iliyokufa kwenye rimoti ya mama, ndiyo maana betri mpya haikusaidia. Na gari letu halikubali kuongezewa ufunguo mmoja juu ya zile linazozijua. Ni lazima mashine ya fundi ilisahaulishe zote, kisha zile zilizo mkononi zisajiliwe upya, mmoja baada ya mwingine. Usiokuwepo siku hiyo unabaki chuma tu. Utafungua mlango, utakaa, lakini gari halitakujua.

Ndiyo maana mama aliuomba wa kwako. Aliuomba ili usifutwe.

Sasa nakwambia ambalo sikupata nafasi ya kuandika Jumatano. Fundi huyu kila mtu anamwita Dakika Mbili, kwa sababu hakuna kazi ambayo kwa mdomo wake inazidi hapo. Alitaka kumaliza siku ileile, alikuwa na ufunguo mpya mfukoni na mashine begani. Akauliza kama kuna mwingine popote. Mama akasema upo, unao wewe, kambini. Dakika Mbili akasema basi tuachane na huo, aliye mbali ana haraka gani na gari. Mama alikuwa amekwisha kurudi kushona. Akalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja na kumwambia:

“Huyo aliye mbali ndiye mwenye gari. Akija akalikuta halimjui, nitamwambia nini?”

Akamrudisha fundi na mashine yake. Tangu siku hiyo gari limekaa tu chini ya turubai, na sare za shule ya msingi mama amezipeleka kwa mkokoteni wa muuza maji, amezifunika shuka, na yeye mwenyewe akisukuma kwa nyuma mlimani. Mwalimu mkuu alimwuliza gari liko wapi. Mama akajibu kwamba linamsubiri mtu.

Jana funguo zako zilipofika nilimwambia tuondoke papo hapo. Ufunguo wako ni mzima, gari lingewaka nao, tungefika kwako leo. Niliongea kwa sauti kubwa kidogo, jambo ambalo si kawaida yangu, na bibi alitoka jikoni kuja kutazama ni nani. Mama hakukubali. Alisema, “Nikienda na wa kwake, nitarudi na nini? Wake naenda kumwachia.” Akamtuma mtu kumwita Dakika Mbili.

Kwa hiyo ndiyo tupo hapa. Fundi yupo kiti cha mbele, waya wa mashine umeingia chini ya usukani, na mashine ameiweka mapajani kama mtu anayekula kwenye sahani. Betri ya gari ilikuwa imeshuka kwa kukaa. Fundi anasema umeme ukikatika katikati ya kufuta, gari litakuwa kama mtu aliyegongwa kichwa, halitajua mpya wala zamani, na hapo itabidi libebwe. Jirani yetu mstaafu amelileta lake pua kwa pua, nyaya nyekundu na nyeusi zimeunganishwa, naye amesimama katikati amekunja mikono kama mwamuzi. Mama yuko nje ya dirisha. Amevaa zile nguo za safari na mkoba begani.

Dakika Mbili ameniuliza kama niko tayari. Sijui kwa nini ananiuliza mimi.

Amefuta.

Kwa sasa, Baba, gari hili halimjui mtu yeyote duniani. Fundi alikuwa anapiga mluzi, ameacha.

Kwenye mashine kuna mstari wa kijani unaopaswa kujaa kutoka kushoto kwenda kulia. Umefika nusu, umesimama. Fundi anasema dakika mbili. Mama ameinama anachungulia. Nimejaribu kukumbuka dua yoyote inayohusu magari, sikumbuki. Jirani anauliza akanyage mafuta kidogo, fundi anasema kidogo, si kama unakimbizwa.

Umeendelea. Umejaa.

Fundi amenyoosha kiganja nje ya dirisha aombe ufunguo wa kwanza, na mama amempa wako. Akasema wake kwanza. Fundi ameuingiza, amezungusha, taa nyekundu ikapepesa, ikapepesa, ikazimika. Amesubiri. Ameutoa, ameingiza ule mpya. Taa ikazimika tena, haraka zaidi. Sasa amewasha injini kwa wako, ameizima, amewasha kwa mpya, ameizima. Milango imebofya yote minne. Zote mbili, Baba. Linazijua zote mbili.

Nimelia kidogo. Fundi amedhani ni joto, amenifungulia mlango.

Mama amekataa kuongeza hata mstari mmoja hapa chini. Anasema yeye ana mdomo. Atalala kwa binamu yake njiani asiendeshe gizani, kesho mchana atakuwa kwako. Mimi nabaki na bibi. Naomba unisamehe kwa herufi zile. Nimeandika “zilizopo” mara nyingi nyuma ya daftari la hesabu ili isitokee tena.

Mwanao,
Kamusi


Kambini,
Jumatatu, 9 Juni

Mwanangu Kamusi,

Marahaba, na tena marahaba. Sikusaini.

Nami nimetanguliza hilo. Barua hii anashuka nayo mhandisi, anakwenda mjini leo, nimemwomba aipitishe hapo ili usikae roho juu.

Sasa sikiliza, kwa maana mama yako hatakuhadithia, na akikuhadithia atajipunguzia. Jana alasiri nilikuwa chini ya greda napaka grisi. Nikaona viatu vimesimama. Viatu vya kike kambini hatuna, hata mpishi wetu ni mwanamume mwenye ndevu. Nikavitazama nikavijua, na nikabaki palepale chini, kwa sababu mtu akiwa chini ya greda ana kisingizio cha kutotoka. Viatu havikuondoka. Mwishowe nikatoka, uso umejaa grisi, na jamaa zangu wote wamejipanga mlangoni mwa kantini kama watu waliokata tiketi.

Mama yako akatoa lile fungu la funguo kwenye mkoba. Akaniambia, “Mtu anaombwa ufunguo mmoja, analeta mpaka wa kuku. Huyo ama anatafuta ugomvi, ama hajui kuhesabu.”

Nikamwambia, “Sijui kuhesabu.”

Jamaa wakacheka, yeye hakucheka. Alinipa barua yako akakaa kwenye tairi la greda, akasubiri nisome. Nilikuta neno lako la kwanza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutafuta chai.

Lakini niseme kweli, ungeweza kuchelewa. Karani hakungoja Jumatatu, alipanda Jumamosi. Tuliitwa kwa majina, tukapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nilimwambia siwezi kusoma mkataba kwa sababu miwani yangu imepotea. Karani akanitazama sana. Nikarudi kwenye hema kuitafuta, nikalipekua mpaka chini ya godoro, na ni mpishi aliyeniambia ipo kichwani mwangu. Nikamwomba asimwambie mtu. Karani akasema basi niende Jumatatu nikiwa na macho. Nadhani alielewa. Nami nadhani leo ningesaini, kwa maana miwani haipotei mara mbili.

Jana tuliongea mpaka kantini ikatuhitaji tupishe. Nilimwambia mama yako kwamba tangu mwezi uliopita nilikuwa nimeamua kurudi, nikanyamaza kwa sababu nilitaka yeye aniombe. Naye akaniambia hakuniomba kwa sababu alitaka nitake mwenyewe. Tukatazamana. Tulikuwa kama watu wawili waliopangiana kukutana, kila mmoja amekaa kwenye kona yake ya mtaa anamlaumu mwenzake kwa kuchelewa. Akasema, akiwa anatazama pembeni, kwamba kila Ijumaa dereva wa lori alikuwa akipita anaulizwa kama nimekonda, na kwamba alimkataza kuniambia. Yale maneno ya getini nayo aliyataja. Alisema nyumba imesimama kweli, lakini hakuna aliyesema imekaa vizuri.

Mimi pia niliomba radhi. Hayo si ya barua.

Baadaye nikamwomba nilione gari. Nilikaa, nikaweka ufunguo wangu, nikazungusha. Likawaka papo hapo. Nikalizima, nikaliwasha tena. Mama yako akasema nisimalize mafuta ya kurudia.

Wewe usijisumbue na zile herufi. Nimezifikiria sana. Mtu mwenye amani moyoni angesoma “za waliopo” akacheka, akasema huyu mtoto ana haraka leo. Mimi niliyasoma kwa hofu niliyoondoka nayo nyumbani, ilikuwa mfukoni siku zote. Ungeandika “zilizopo” kwa wino wa dhahabu, huenda ningepata pengine pa kujikwaa. Acha kujaza daftari la hesabu, liache lifanye hesabu.

Asubuhi hii nimekwenda kwa karani, miwani usoni, nimemwambia hapana. Akaniuliza kama nina uhakika, maana kazi kama hii haingojei mtu. Nikamwambia mke wangu yuko nje. Akachungulia dirishani, akamwona amekaa kwenye gari amefungua milango yote miwili ya mbele, anamfundisha mpishi kushona kifungo cha koti. Karani akapiga mhuri.

Karatasi za kuachia kazi zinakamilika Jumatano. Nilimwambia mama yako atangulie, ana oda za watu. Amesema hashuki peke yake, watu wa oda wana nguo za kuvaa wakati wanangoja. Kwa hiyo amepewa hema la wageni, na jamaa wameanza kumletea suruali zao zilizopasuka. Tutaondoka Alhamisi alfajiri. Tukijaliwa, mchana tupo hapo.

Msalimie bibi. Mwambie mwanawe amekonda kidogo tu.

Baba yako


Karatasi iliyobandikwa mlangoni,
Alhamisi, 12 Juni

Baba na Mama,

Shikamooni wote wawili.

Niko shuleni. Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kubaki nyumbani kuwasubiri, akaniuliza sababu, nikaona haya kuieleza mbele ya darasa zima, nikasema tumbo, naye akasema tumbo linaloongea vizuri hivyo linaweza kufanya mtihani. Nitatoka saa tisa. Nitakuja mbio, ingawa mnajua mbio zangu.

Bibi amekwenda sokoni, amesema harudi na kapu tupu siku kama ya leo. Chai ipo kwenye chupa. Maji ya kuoga, Baba, nimekuchotea ndoo mbili, ya pili ni ya grisi.

Jirani yupo kibarazani kwake, ameahidi kuutazama mlango na hajaondoa macho tangu asubuhi, hata gazeti ameliweka chini. Kwa hiyo msitafute ufunguo. Sikuufunga.

Ingieni tu.

Mwanenu